Asilimia 0.01 iliyozua shaka katika hesabu ya kura

MFANYABIASHARA wa Pumwani, Nairobi, akiwagawia wanawe watatu Sh100 sawasawa, kila mmoja hupata Sh33.33. Fedha hizo zikijumlishwa tena, huwa Sh99.99. Hakuna aliyeiba senti hiyo. Imepotelea katika kukata tarakimu.

Jambo dogo kama hilo liliwahi kuzua kizaazaa nchini. Mnamo Agosti 15, 2022, mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), Bw Wafula Chebukati, alimtangaza Dkt William Ruto mshindi wa urais kwa asilimia 50.49. Bw Raila Odinga alipata asilimia 48.85, Prof George Wajackoyah 0.44 na Bw David Mwaure 0.23. Siku iliyofuata, makamishna wanne wakiongozwa na naibu mwenyekiti, Bi Juliana Cherera, walieleza kwa nini waliyakana matokeo. Miongoni mwa sababu zao, walisema jumla ilikuwa asilimia 100.01, na kwamba ziada hiyo ni sawa na kura zipatazo 142,000.

Kura halali zilikuwa 14,213,027. Asilimia 0.01 yake ni kura 1,421. Kura 142,000 ni asilimia moja nzima. Isitoshe, hata hizo 1,421 hazikuwepo. Kura 7,176,141 za Dkt Ruto ni asilimia 50.4899, za Bw Odinga, 6,942,930, ni 48.8491; za Prof Wajackoyah, 61,969, ni 0.4360, na za Bw Mwaure, 31,987, ni 0.2251. Zilipofupishwa hadi tarakimu mbili baada ya nukta, zote nne zilisogezwa juu. Kila moja yaweza kupotoka kwa hadi 0.005, hivyo jumla yaweza kupotoka kwa hadi 0.02 bila kura hata moja kuongezwa.

Tarakilishi nazo zina udhaifu huo. Kwa kuwa huhesabu kwa sifuri na moja pekee, haziwezi kuandika 0.1 kwa ukamilifu, kama vile theluthi isivyoandikika kwa desimali. Nyingi zikiulizwa iwapo 0.1 na 0.2 ni sawa na 0.3, hujibu la. Katika programu zinazoiga mwendo wa maji au upepo kwa kutumia chipu za michoro, maelfu ya hesabu hufanywa kwa pamoja, na mpangilio wa kujumlisha ukibadilika, tarakimu za mwisho nazo hubadilika. Ukaguzi unaodai usawa kamili hukataa kazi iliyo sahihi. Unaolegeza mno hupitisha kosa.

Kosa dogo likipuuzwa laweza kuua. Mnamo Februari 25, 1991, mtambo wa Patriot huko Dhahran, Saudi Arabia, ulishindwa kuzuia kombora la Iraq, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafariki. Saa yake, iliyohesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, ilikuwa imepotoka kwa takriban sekunde 0.34 baada ya saa 100 za kazi.

Mahakama ya Juu iliidhinisha ushindi wa Dkt Ruto Septemba 5, 2022. Kwa mpiga kura wa Pumwani anayetaka kujihakikishia sharti la zaidi ya nusu, ukaguzi thabiti ni wa kura zenyewe, ambazo hazina desimali: kura 7,176,141 zikizidishwa mara mbili ni 14,352,282, idadi inayozidi kura zote halali.