Mtoto Hasomi Lebo

Ndugu msikilizaji, leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Jumamosi moja jioni nilikuwa sebuleni nikipitia karatasi za kipindi hiki hiki. Binti yangu, wakati huo ana miaka minne, alikuwa uani akicheza shule. Alikuwa amewapanga wanasesere wawili na ndoo moja iliyopinduliwa. Hao ndio wanafunzi, na mwalimu ni yeye. Nilimsikia akiwakaripia, "Nyamazeni, andikeni!" Nikacheka peke yangu, nikaendelea na kazi.

Baada ya muda akaja akijifuta mdomo. "Baba, mdomo unaniwasha." Vidole vyake vilikuwa vyeupe, na midomo nayo nyeupe. Nilipotoka uani nikakuta sakafu yote imejaa herufi "a".

Nyumbani kwetu hatukuwa na chaki ya kuandikia. Chaki iliyokuwapo ilikuwa moja tu, nayo niliinunua mimi mwenyewe kwa machinga pale kituo cha daladala. Ilikuwa chaki ya mende. Nilikuwa nimechora mstari nyuma ya jiko, kisha kipande kilichobaki nikakiweka dirishani. Nilijiambia kwamba pale ni juu. Kwa mtu mzima ni juu kweli, lakini mtoto akisimama kwenye kigoda anafika.

Mama yake alimsuuza mdomo, akamwosha mikono na uso kwa sabuni, tukakimbia naye zahanati. Daktari akauliza, "Hiyo dawa ina nini ndani?" Nikampa kiboksi. Maandishi karibu yote yalikuwa ya Kichina, na mstari mmoja wa Kiingereza ukidai kwamba haina madhara kwa binadamu wala wanyama. Jina la sumu halikuwapo, wala kiasi chake. Daktari akakigeuza mara mbili, akaniangalia. "Wewe si ndiye yule wa redioni?" Sikuwa na la kumjibu.

Tulikaa pale hadi usiku mtoto akiangaliwa. Namshukuru Mungu alipona. Nami tangu siku hiyo nimeuliza na kusoma, na leo nataka tuelewane.

Chaki hizi hutengenezwa kwa unga wa madini, kama chaki nyingine, kisha huchanganywa na kiua wadudu. Mara nyingi huwa ni deltamethrini au saipamethrini. Dawa hizi ni jamaa ya pareto, lile ua ambalo wakulima wetu wa nyanda za juu za kusini wanalijua vizuri. Wanakemia waliiga sumu ya ua hilo wakaifanya iwe kali zaidi na idumu kwa muda mrefu. Mende akipita juu ya mstari, unga humganda miguuni na sumu hupenya mwilini. Mishipa yake ya fahamu huwaka bila kuzimika. Hutetemeka, hupinduka chali, hufa.

Mwili wa binadamu hauko hivyo. Ini letu huivunja sumu hiyo haraka. Ndiyo maana deltamethrini hiyo hiyo imetumika kwenye vyandarua vya mbu, kwa idhini ya Shirika la Afya Duniani. Hapo wengi watauliza: kama tunalala ndani ya chandarua chenye dawa hiyo, chaki ina ubaya gani?

Tofauti iko kwenye kipimo. Dawa ya chandarua hupimwa kiwandani, na imeshikamana na uzi. Ya kwenye chaki ya mtaani hujui ni kiasi gani. Unga wake hubaki mkononi, na mkono wa mtoto huenda mdomoni. Isitoshe, mwili wa mtoto ni mdogo, kwa hiyo kiasi kile kile humwingia kwa nguvu zaidi. Shirika la Afya Duniani limeiweka deltamethrini katika kundi la pili, yaani dawa zenye hatari ya wastani. Ikigusa ngozi au mdomo huleta kuwashwa na ganzi. Ikiingia tumboni kwa wingi huleta maumivu ya tumbo, kutapika, kutetemeka na hata degedege.

Lakini sumu peke yake si kiini cha maneno yangu ya leo. Sumu ziko nyingi majumbani mwetu. Kiini ni umbo. Mtoto hasomi lebo. Anasoma umbo la kitu. Sisi wenyewe ndio tuliomfundisha kwamba kitu cheupe, kirefu kama kidole, ni cha kuandikia. Halafu tukampelekea sumu yenye umbo hilo hilo. Ndiyo maana Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani limekuwa likiwaonya wananchi wa huko waziepuke chaki hizi, ambazo kuziuza ni kinyume cha sheria nchini mwao: watoto huzidhania za shule.

Na chaki haiko peke yake. Fungua kabati la nguo. Vile vidonge vyeupe vya naftalini tunavyowekea nondo na mende, mbele ya mtoto ni peremende. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa msemo huo ni kweli tupu. Wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Madaktari hukiita G6PD. Upungufu huo ni wa kurithi, na uko kwa wingi katika nchi zilizokaa na malaria karne nyingi, yetu ikiwamo. Mtu wa namna hiyo akimeza naftalini, chembe zake za damu hupasuka. Dalili zaweza kuchelewa siku moja au mbili: mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, macho huwa ya njano, na mgonjwa huishiwa nguvu. Wapo hata watoto wachanga waliougua kwa kufunikwa nguo zilizotunzwa na naftalini bila kufuliwa kwanza.

Kisha kuna chupa. Ni nani asiyejua dawa ya kunguni inayopimwa sokoni na kutiwa katika chupa ya maji ya kunywa au ya soda? Dawa nyingi za namna hiyo zikichanganywa na maji hugeuka nyeupe kama maziwa. Sasa fikiri mtoto ametoka kucheza juani, ana kiu, anaiona chupa ya soda chini ya kitanda ina kitu kama maziwa.

Ubaya mwingine wa chupa hiyo hauonekani mpaka ufike hospitali. Baadhi ya dawa za wadudu si jamaa ya pareto hata kidogo. Zipo zinazomfanya mgonjwa atoke udenda na jasho, mboni za macho zikawa ndogo kama tundu la sindano, akashindwa kupumua. Hao hutibiwa kwa atropini, na huhitaji kuwahiwa. Daktari akijua ni dawa gani, anajua pa kuanzia. Akiletewa chupa ya soda, anabahatisha.

Basi tufanye nini? Kwanza, tusinunue sumu isiyo na lebo tunayoweza kuisoma. Katika nchi yetu, kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, usajili wa viuatilifu uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao yake Arusha. Tazama namba ya usajili, jina la sumu na kiasi chake. Lebo nyingi huwa pia na ukanda wa rangi chini: nyekundu ni hatari kuu, njano hufuata, kisha buluu, na kijani ni hatari ndogo.

Pili, dawa ibaki katika chombo chake, na chombo kifungiwe. Si dirishani, wala chini ya kitanda.

Tatu, mtoto akishika au akimeza, msuuze mdomo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, mvue nguo zilizopata dawa. Usimlazimishe kutapika, kwa sababu dawa nyingi za maji zimechanganywa na mafuta kama ya taa, na mafuta hayo yakirudi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Usikimbilie maziwa pia. Kama ni naftalini, mafuta yaliyomo kwenye maziwa huisaidia kuingia mwilini. Mpeleke hospitali mara moja, na uende na chupa au kiboksi mkononi.

Sisemi haya kumlaumu yule kijana wa kituoni. Anatafuta riziki, na Kichina hajui, kama nisivyokijua mimi. Mnunuzi nilikuwa mimi, na nilinunua kwa sababu ilikuwa bei rahisi na jirani aliisifu.

Wazee wetu husema mtoto akililia wembe, mpe. Maana yao ni kwamba atajikata, atajifunza. Lakini binti yangu hakulilia wembe. Alitaka chaki, na kutaka chaki si kosa la mtoto wa miaka minne. Somo lilikuwa langu.

Mende nawapiga vita bado. Tunafuta mabaki ya chakula kabla ya kulala, tumeziba nyufa za nyuma ya jiko, na dawa yenye lebo iko kwenye sanduku lenye kufuli. Binti nimemnunulia boksi zima la chaki za shule. Hata hivyo, kila nikimwona ameshika kitu cheupe mkononi, nasimama kwanza nikitazame.

Nenda kaangalie dirishani kwako. Hadi juma lijalo, kwaherini.