Mwaka 2020 Shuleni: Kifaa au Sikio?

Wengi huukumbuka mwaka 2020 kuwa mwaka elimu ilipohamia mtandaoni. Kumbukumbu hiyo ina walakini. Desemba mwaka huo UNICEF na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, walikadiria kwamba theluthi mbili ya watoto wa umri wa shule duniani, takriban bilioni 1.3, hawakuwa na intaneti nyumbani. Kenya ilifunga shule mwezi Machi. Julai maputo ya kampuni ya Loon yakaanza kusambaza intaneti kutoka kilomita 20 hivi angani kupitia Telkom Kenya. Shule zilifunguliwa kikamilifu Januari 2021, na mwezi huohuo Loon ikatangaza kufunga shughuli zake.

Jambo zito zaidi lilitendeka Botswana, bila shangwe. Noam Angrist, Peter Bergman na Moitshepi Matsheng walizigawa kaya zaidi ya 4,500 kwa bahati nasibu. Kundi moja lilitumiwa maswali ya hesabu kila wiki kwa ujumbe mfupi wa simu. La pili lilipata maswali yaleyale, kisha likapigiwa simu kwa dakika 15 hadi 20, mtoto akikokotoa huku mwalimu akisikiliza. La tatu halikupata kitu. Ujumbe peke yake haukubadilisha mengi. Ulipofuatwa na simu, ujuzi wa hesabu ulipanda kwa 0.12 ya mchepuko sanifu. Simu zenyewe zilikuwa za kawaida, hata kitochi kingetosha. Kilichoongezeka ni mtu wa kusikia mtoto anakosea wapi na kumrekebisha papo hapo.

Atatokea wa kusema kwamba hayo yalikuwa ya dharura. Lakini Peru iligawa kompyuta za mpakato shuleni miaka mingi kabla ya korona, na tathmini ya mwaka 2012 haikuona nafuu katika hesabu wala lugha. Pingamizi lenye uzito linatoka Delhi, ambako programu ya kompyuta ya Mindspark iliinua hesabu kwa 0.37 ya mchepuko sanifu ndani ya miezi minne na nusu. Hapo mashine ilifundisha kweli, tukubali. Ila ilifanya kazi ileile ya simu ya Botswana: ilipima kila jibu, ikampa mtoto swali la kiwango chake, tena katika vituo vyenye wakufunzi. Kwa hiyo wizara inayonunua vishikwambi, kabla ya kuuliza bei na ukubwa wa kioo, ingeuliza nani au nini kitagundua kwamba mtoto wa darasa la nne bado hajui kutoa kwa kukopa, na kitafanya nini siku hiyohiyo.