Bunge Hutunga Adhabu, Katiba Huweka Mipaka

Je, jaji anaweza kulazimishwa kumhukumu mtu kifo bila kupima umri wake, rekodi yake wala jinsi kosa lilivyotendeka? Kwa miaka mingi nchini Kenya, jibu lilikuwa ndiyo. Sehemu ya 204 ya Kanuni ya Adhabu inasema kwamba anayepatikana na hatia ya mauaji atahukumiwa kifo. Mshtakiwa angeweza kueleza masaibu yake, lakini jaji hakuwa na nafasi ya kutoa adhabu nyingine.

Desemba 14, 2017, Mahakama ya Juu ilibadilisha hali hiyo katika kesi inayojulikana kama kesi ya Muruatetu. Tangu wakati huo familia nyingi zilizo na jamaa gerezani zimeisikia kesi hiyo ikitajwa, mara nyingine kwa njia isiyo sahihi. Ni vyema wakazi waelewe uamuzi huo ulisema nini, na haukusema nini.

Nani huweka adhabu?

Kazi ya kutunga sheria za jinai na kuweka adhabu ni ya Bunge la kitaifa. Mahakama haitungi makosa mapya wala haibuni adhabu. Hata hivyo, Bunge lenyewe liko chini ya Katiba. Kifungu cha 2(4) kinasema kwamba sheria yoyote inayokwenda kinyume na Katiba ni batili kwa kiwango ambacho inakiuka Katiba. Mahakama Kuu, kwa mujibu wa Kifungu cha 165, ndiyo yenye mamlaka ya kusikiliza malalamishi ya aina hiyo.

Mipaka mingine imeandikwa wazi:

• Mtu hawezi kuhukumiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa wakati alipolitenda.
• Adhabu ikibadilishwa baada ya kosa kutendeka na kabla ya hukumu kutolewa, mshtakiwa anastahili ile iliyo nafuu.
• Anayepatikana na hatia ana haki ya kukata rufaa au kuomba hukumu yake ichunguzwe na mahakama ya juu zaidi.
• Haki ya kusikilizwa katika kesi isiyo na upendeleo haiwezi kuwekewa kikwazo chochote (Kifungu cha 25).
• Idara ya Mahakama haiongozwi wala haiamrishwi na mtu au mamlaka yoyote katika kazi yake ya kuamua kesi (Kifungu cha 160). Bunge haliwezi kufuta wadhifa wa jaji aliye kazini, wala kumpunguzia mshahara.

Kesi ya Muruatetu ilisema nini?

Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila mauaji kunakiuka Katiba. Sababu ni kwamba kutoa hukumu ni sehemu ya kesi. Ikiwa mtu anasikilizwa lakini maneno yake hayawezi kubadilisha lolote, basi hajasikilizwa. Aliyepanga mauaji kwa miezi na aliyeua katika ugomvi wa ghafla hawafanani, na mahakama lazima iweze kuwatofautisha.

Uamuzi huo haukufuta hukumu ya kifo. Bado imo katika sheria, ingawa Kenya haijamnyonga mfungwa tangu mwaka wa 1987. Kilichoondolewa ni ulazima wake kwa kosa la mauaji.

Haukufungua milango ya magereza

Baada ya uamuzi huo, wafungwa wa makosa mengine pia walianza kuomba wahukumiwe upya. Julai 6, 2021, Mahakama ya Juu ilitoa mwongozo: uamuzi wa Muruatetu unahusu mauaji chini ya sehemu ya 204 pekee. Hauhusu wizi wa kimabavu wala makosa ya ngono. Iliongeza kwamba mahakama inapomhukumu mtu upya itazame pia madhara yaliyoipata familia ya marehemu.

Suala hilo lilirudi kupitia Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006. Sheria hiyo inaweka kifungo kisichopungua miaka 20 kwa anayemnajisi mtoto wa kati ya miaka 12 na 15. Katika kesi moja, Mahakama ya Rufaa ilipunguza kifungo cha miaka 20 hadi 15. Julai 12, 2024, Mahakama ya Juu ilirudisha miaka 20. Ilieleza kwamba kiwango cha chini cha kifungo si sawa na adhabu moja ya lazima, kwa kuwa hakimu bado anaweza kupima na kuongeza juu ya kiwango hicho. Pia, uhalali wa sheria hiyo haukuwa umepingwa kwa njia ifaayo kuanzia Mahakama Kuu.

Kwa hivyo, anayeiambia familia kwamba kila mfungwa atapunguziwa kifungo kwa sababu ya Muruatetu anaipotosha.

Na Bunge la Kaunti?

Kulingana na Jedwali la Nne la Katiba, mahakama, sheria za jinai na magereza ni majukumu ya serikali ya kitaifa. Bunge la Kaunti hutunga sheria kuhusu majukumu ya kaunti, kama vile masoko, maegesho na usafi. Haliwezi kuanzisha mahakama yake. Anayeshtakiwa kwa kuvunja sheria ya kaunti hufikishwa mbele ya hakimu, ambaye hapokei amri kutoka kwa gavana wala mwakilishi wadi.

Mkazi anaweza kufanya nini?

Rufaa dhidi ya uamuzi wa hakimu hukatwa ndani ya siku 14. Aliyechelewa anaweza kuiomba mahakama imwongezee muda, akieleza sababu. Familia pia iangalie kama muda aliokaa rumande ulizingatiwa, kwani sheria inataka hivyo.

Anayeamini kwamba sheria inakiuka haki zilizo katika Katiba anaweza kwenda Mahakama Kuu chini ya Kifungu cha 22. Katiba inasema hakuna ada ya kuwasilisha ombi hilo, na mahakama inaweza kulipokea hata kama halikuandikwa kwa ustadi wa wakili. Wasio na uwezo wanaweza kuomba msaada wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

Na mswada unapotangazwa kwa maoni ya umma, uwe wa Bunge la kitaifa au la kaunti, mkazi ausome na kutoa maoni yake mapema. Ni rahisi zaidi kurekebisha adhabu ikiwa bado ni mswada kuliko kuipinga wakati mtu wako tayari yuko kizimbani.