Seli za Lithiamu za Sola Nyumbani: Pima Kwanza, Ndipo Ulipe

Stima ikipotea Majengo saa moja jioni, unajua vile huwa. Mtoto ana kazi ya shule, simu iko asilimia tisa, na mama wa viazi karai pale nje anahesabu chenji kwa mwanga wa tochi. Sola ndogo ya nyumbani inaweza kumaliza hiyo shida. Lakini roho ya sola ni betri, na betri ndiyo mahali watu hupotezea pesa.

Tunaongea hivi kwa sababu yametukuta. Mwenzetu mmoja hapa ofisini aliamua kumtengenezea mamake sola. Mama anaishi Majengo, na kila siku huamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa mahamri. Pesa ya betri ilitoka kwa hayo mahamri, akiweka akiba kidogo kidogo kwa simu. Mwenzetu akapata muuzaji mtandaoni: picha safi, bei tamu, seli nane. Akatuma pesa yote kwa mkupuo mmoja, tena na ya kutoa juu.

Seli zilifika, na kwa macho zilikuwa mpya kabisa. Ila kila siku taa zilizima kabla mama hajaamka. Tulipozipima, tano kati ya nane hazikufikisha hata theluthi mbili ya kile kilichoandikwa juu yake. Tukampigia muuzaji. Mteja hapatikani.

Kazi yetu ni kufikisha pesa yako salama, na hiyo pesa ilifika salama. Shida ni kwamba ilifika kabla seli hazijapimwa. Kwa hivyo safari ya pili tulibadilisha mpango, na mpango huo ndio tunakupa leo.

Jua unanunua seli gani

Sokoni utakutana sana na aina mbili. Ya kwanza ni ile nyembamba inayoitwa 18650, yaani upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ndiyo iliyo ndani ya betri nyingi za laptop za zamani. Kwa kawaida huandikwa volti 3.6 au 3.7, na ikijaa hufika 4.2.

Ya pili ni lithiamu ya chuma na fosfeti, ambayo mafundi huiita LFP. Huandikwa volti 3.2, na wakati wa kuchaji haifai kupita 3.65. Kwa nyumba za Majengo, ambazo zimeshikana ukuta kwa ukuta na mabati juu, sisi tunashauri hii ya pili. Inavumilia joto na makosa kuliko ile nyingine, na huchajiwa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka. Hiyo haimaanishi ukiichezea haitakuumiza.

Usichanganye chaja zake. Chaja ya 4.2 ukiiweka kwenye seli ya LFP, unaiharibu.

Halafu chunga maandishi. Seli ya 18650 iliyo nzuri kabisa hubeba karibu mAh 3,500. Ukiona imeandikwa 9,900, hiyo ni hadithi ya kuuzia tu, weka simu yako mfukoni uende.

Piga hesabu ya nyumba yako

Usianze na bei, anza na matumizi. Kwa mama tulihesabu hivi: taa mbili za wati 5 kutoka saa moja jioni hadi saa sita usiku ni wati-saa 50. Taa moja kutoka saa kumi alfajiri hadi kuche ni 10. Kuchaji simu mbili, karibu 35. Redio, 15. Jumla ni kama wati-saa 110 kwa siku.

Tukachagua seli za LFP za ukubwa unaoitwa 32700, zilizoandikwa Ah 6. Moja hubeba volti 3.2 mara 6, yaani wati-saa 19. Nane ni kama 153. Usipange kuikausha betri hadi tone la mwisho. Ukitumia asilimia 80 unapata kama 122. Inatosha, na kidogo inabaki.

Sasa fikiria seli hizo zinabeba asilimia 55 tu. Nane zinakupa wati-saa 84. Hapo taa itazima kabla ya alfajiri, na ndivyo ilivyokuwa.

Malipo ya kwanza: nunua mbili tu

Muuzaji atakuambia ukichukua zote anakupunguzia. Mwambie ukweli: "Naanza na mbili, nizipime. Zikiwa poa nitachukua zingine sita kutoka kwa boksi hilo hilo." Muuzaji anayejua mali yake ni nzuri hakosi kuelewa. Akianza kukuharakisha, eti kuna mtu mwingine amekuja na pesa, mwachie huyo mtu.

Wakati wa kulipa:

- Lipa ukiwa dukani, au mzigo ukiwa mkononi mwako. Kama ni wa kuletewa, ufungue kwanza.
- Lipa kwa namba ya till ya duka badala ya namba ya mtu binafsi.
- Soma jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka PIN. Kama halifanani na la duka, simama uulize.
- Usifute ujumbe wa malipo. Kwenye risiti mwambie aandike aina ya seli, Ah zake, na kwamba unaweza kurudisha zikishindwa kipimo.

Kupima: hatua nne

Unahitaji mita ya kupima volti, chaja ya LFP, na mashine ndogo ya kupima uwezo wa seli. Kama huna mashine, fundi wa redio wa mtaani anaweza kukufanyia kazi hiyo hiyo kwa rizista ya ohm 3.3 yenye nguvu ya wati 10, na saa ya ukutani.

*1. Macho na mkono.* Seli iliyovimba, yenye kutu, yenye harufu tamu-tamu au plastiki iliyopasuka, rudisha. Angalia ncha zake: alama za kuchomelewa zikionyesha kuwa ilibanduliwa kwenye betri nyingine, hiyo si mpya. Si lazima iwe mbaya, lakini bei yake haiwezi kuwa ya mpya.

*2. Volti.* Seli ya LFP iliyokaa dukani mara nyingi husoma kati ya 3.2 na 3.3. Ikisoma chini ya 2.5, iliachwa ikakauka, usiichukue. Lakini hapa ndipo wengi hudanganyika. Volti ya LFP hukaa karibu palepale kwa muda mrefu, iwe imejaa au imefika nusu, iwe mpya au imechoka. Kusoma volti ni kama kuona jina la mtu kwenye simu: unajua ni nani, hujui ana salio gani.

*3. Uwezo.* Hapa sasa ndipo unahesabu salio lenyewe. Chaji seli hadi ijae, 3.65, kisha iache ipumzike kidogo. Halafu itoe moto kwa kiwango kimoja, tuseme ampea 1, hadi ishuke volti 2.5, ukitazama saa. Seli ya Ah 6 ikitolewa ampea 1 inafaa kuchukua karibu masaa sita. Ya kwanza yetu ilichukua masaa 5 na dakika 50. Hiyo ni nzuri. Moja ya zile za zamani ilichukua masaa 3 na dakika 18. Ukitumia rizista, ilaze juu ya kigae au sahani ya bati kwa sababu inachemka, na usilale ukaacha kipimo kinaendelea. Ikishuka chini ya 2.5 unaiua wewe mwenyewe.

*4. Subira.* Chaji tena zijae, ziache usiku mmoja zitulie, andika volti ya kila moja. Zipime tena baada ya wiki. Zinafaa kuwa zimekaa karibu pamoja. Ikiwa moja imeshuka sana kuliko mwenzake, inavuja kwa ndani. Na wakati wowote seli ikipata joto la kukufanya uondoe mkono, chomoa na uitoe nje ya nyumba.

Malipo ya pili

Mbili zikipita, rudi ukanunue sita, na hizo pia uzipime. Ndiyo, zote. Betri ya volti 12 hujengwa kwa seli mbili mbili zilizoshikana ubavu, jozi nne zikifuatana. Jozi moja ikiwa dhaifu, ndiyo inayoamua betri nzima itazima saa ngapi. Panga jozi zako zilingane kwa kipimo.

Iweke kwa pesa uone. Tuseme seli moja ni shilingi 500. Nane ni 4,000. Zikibeba asilimia 55, umelipa 4,000 ukapewa mali ya 2,200. Hizo 1,800 ni mahamri mangapi?

Kuunganisha, mwite fundi

Kupima unaweza. Kuunganisha, tafuta fundi wa sola aliye na leseni ya EPRA, na uombe kuiona. Betri lazima iwe na bodi ya ulinzi, ile mafundi huita BMS, ya seli nne za LFP. Iwe na fyuzi karibu na ncha chanya. Kontrola ya sola iwekwe kwenye LFP, isipite volti 14.6. Sanduku la bati utachongewa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji, hapo karibu tu. Mwambie aache matundu ya hewa, na ndani uweke mbao ili seli zisiguse bati. Likae mbali na jiko, na mbali na mahali watoto wanalala.

Na kama umeshalipa na seli ni mbovu?

Tuseme wazi jambo ambalo wateja wengi hawalipendi. Ombi la kurudishiwa pesa liko kwa ajili ya pesa iliyoenda namba isiyo sahihi. Kama ulituma kwa mtu uliyemkusudia, sisi hatuwezi kuingia kwa akaunti yake tuchukue kwa sababu seli zake ni mbovu. Ndiyo maana tunasisitiza kupima kwanza.

Lakini hujaisha nguvu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na kuna Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012. Anza kwa kumwandikia muuzaji, usimpigie tu, ukimtumia namba ya muamala, picha na vipimo vyako. Akikataa, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Kama ni utapeli wa wazi, piga ripoti polisi upewe namba ya OB.

Zile seli tano zilizokufa hatukuzitupa kwenye jaa. Jaa likichomwa, seli ya lithiamu inaweza kulipuka. Tulifunika ncha zake kwa selotepu tukazipeleka WEEE Centre, hapa Nairobi, ambako hupokea takataka za elektroniki.

Kabla hujaweka PIN, jiulize

- Nimeshika seli mkononi, au nimeona picha tu?
- Nimepima mbili za mwanzo hadi mwisho?
- Jina kwenye simu ni la duka hili?
- Risiti inasema naweza kurudisha?

Jibu moja likiwa hapana, pesa ibaki kwa simu yako. Mama wa mwenzetu sasa anakanda unga wake na taa iwake, na redio ikimsomea habari. Ukiwa na swali kuhusu malipo ya till, au unataka orodha ya miamala yako kwa ajili ya malalamiko, tuandikie kupitia sehemu ya Msaada kwenye programu yetu. Tutakujibu.