Ukiambiwa "Ni Dallas", Uliza ni Upande Gani

Mpwa wangu alipopata kazi ya uuguzi msaidizi huko Texas, alinipigia simu kwa furaha kabla hajasaini mkataba wa nyumba. Alikuwa amepata apatimenti safi Plano, pango lake la chini kuliko alivyotarajia, na tangazo lilisema iko Dallas. Nikamuuliza hospitali yake iko wapi. Akasema Fort Worth. "Lakini mjomba, si kote ni Dallas?" Sikumkatalia kwa nguvu ya kutosha, na hilo linaniuma hadi leo. Mwezi haujaisha alikuwa akiamka saa kumi alfajiri ili awahi zamu ya saa moja.

Kwetu tumezoea jiji lenye kitovu kimoja. Mtu wa Mbagala au Kimara jijini Dar es Salaam akisema "naenda mjini" hakuna anayemuuliza mji upi. Kaskazini mwa Texas hali ni tofauti. Kuna Dallas, iliyohesabiwa watu 1,304,379 katika sensa ya 2020, na Fort Worth yenye 918,915, na kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine ni kama maili 30. Hakuna iliyo kiunga cha mwenzake. Uwanja wa ndege wa DFW, uliofunguliwa 1974, ulijengwa katikati yao na wanaumiliki kwa mafungu 11: saba ya Dallas, manne ya Fort Worth. Na katikati hapohapo iko Arlington, yenye karibu watu 394,000. Mji wa ukubwa huo kuuita kitongoji ni kuukosea heshima, ila asubuhi barabara zake hujaa watu wanaoelekea kazini mashariki na magharibi.

Serikali ya Marekani yenyewe inagawaje eneo hili? Inatazama watu wanakwenda kazi wapi. Kaunti ya pembeni huunganishwa na kaunti za kitovu iwapo angalau asilimia 25 ya wafanyakazi wanaoishi humo wanafanya kazi huko kitovuni, au ikiwa robo ya ajira zake zimeshikwa na watu wanaotoka huko. Ndivyo zilivyopatikana kaunti 11 za eneo hili, na ndani yake zikagawanywa sehemu mbili: ile ya Dallas, Plano na Irving, na ile ya Fort Worth, Arlington na Grapevine. Kwa hiyo hata kwenye makaratasi Plano na Fort Worth haziko chungu kimoja. Kipimo hichohicho ndicho ningemshauri mpangaji akitumie nyumbani kwake: kiunga chako ni cha mji unaokulipa mshahara, hata anwani ikisema vingine.

Tupige hesabu ya mpwa wangu. Kutoka Plano hadi kazini kwake ni maili 40 hivi. Kwenda na kurudi ni 80, na kwa siku 20 za mwezi ni maili 1,600. Mamlaka ya mapato ya Marekani ilikadiria gharama ya gari kwa shughuli za kazi mwaka 2025 kuwa senti 70 kwa maili, pamoja na mafuta, bima, matengenezo na kuchakaa. Hapo inafika dola 1,120 kwa mwezi. Angekaa Euless, karibu maili 17 kutoka kazini, angetumia dola 476. Tofauti ni dola 644. Kweli, si zote zinatoka mfukoni mwezi huohuo, maana bima ungelipa hata gari likilala, na kuchakaa huonekana siku ya kuliuza. Lakini hata ukizikata nusu, bado angeweza kulipa pango la dola 200 zaidi Euless akabaki na akiba, na usingizi juu yake.

Bado hujaweka barabara za kulipia. Viunga vya kaskazini kama Frisco, Plano na McKinney vimekua sambamba na barabara hizo. Ukikadiria senti 20 kwa maili, maili 20 za kulipia kila upande ni dola 8 kwa siku, yaani 160 kwa siku 20. Chukua TollTag, kile kibandiko cha kulipia barabara, mapema. Anayesubiri bili ije kwa posta hulipa bei ya juu zaidi kwa njia ileile.

Kwa asiye na gari, mipaka ya miji inageuka kuwa ukuta. Kodi ya mauzo haimsaidii kuchagua, kwa sababu dukani atakatwa asilimia 8.25 karibu kila mji wa hapa. Kinachotofautiana ni pale zinapokwenda pesa. Jimbo linachukua 6.25, na mbili zinazobaki hugawanywa na miji. Dallas, Plano, Irving, Garland, Richardson, Carrollton na wenzao hulipa shirika la usafiri la DART senti moja ya kila dola, nao wanapata mabasi na treni. Frisco imepeleka sehemu hiyo kwenye mashirika yake ya maendeleo. Arlington, ambayo wapiga kura wake walikataa usafiri wa umma zaidi ya mara moja, mwaka 2004 walikubali nusu senti ijenge uwanja wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Cowboys. Mkazi wa Arlington leo huita gari dogo la pamoja kwa simu, huduma iliyoanza 2017. Linamzungusha mjini na kumfikisha kituo cha CentrePort, anapopata treni ya TRE inayounganisha Dallas na Fort Worth. Treni hiyo haitembei Jumapili. Mwenye zamu za wikiendi asilisahau hilo.

Halafu kuna mstari wa kaunti, ambao madalali hawautaji kabisa, na mimi nauona mzito kuliko jina la mji. Asiye na bima ya afya akiishi kaunti ya Dallas anaweza kuomba nafuu ya matibabu katika hospitali ya umma ya Parkland. Akiishi Tarrant, kaunti ya Fort Worth, anakwenda hospitali ya JPS. Nafuu hizo ni za wakazi wa kaunti husika. Mji wa Grand Prairie umekatwa na mstari huo, hivyo watu wa mji mmoja wana hospitali za umma tofauti. Vyuo vya jamii navyo hutoza wakazi wa kaunti yao ada ndogo na wa nje ada kubwa zaidi.

Wenye watoto wana mpaka wa tatu. Wilaya za shule hazifuati mipaka ya miji. Ziko nyumba ndani ya jiji la Dallas ambazo watoto wake husoma wilaya ya Richardson au ya Plano. Kaskazini mwa Fort Worth ziko nyumba ambazo posta huandika Keller, ilhali polisi na maji ni vya Fort Worth. Na Highland Park, yenye serikali yake na wilaya yake ya shule, imezungukwa pande zote na jiji la Dallas na mji mmoja mdogo jirani yake. Ndiyo sababu siamini tangazo linaloandika "shule nzuri" bila kutaja wilaya. Chukua namba ya nyumba, uitafute kwenye tovuti ya wilaya ya shule yenyewe, kisha kwenye ramani ya kaunti. Ni kazi ya dakika kumi.

Ningemshauri nani akae wapi? Mwenye kazi Fort Worth aanze kutafuta upande wa Tarrant: Euless, Bedford, Hurst, North Richland Hills. Mwenye kazi Dallas na asiye na gari atafute karibu na kituo cha DART, hata kama chumba ni kidogo. Wanandoa ambao mmoja yuko Dallas na mwenzake Fort Worth, hao ndio Arlington, Grand Prairie na Irving zinawafaa kweli, na kwao pango la kati ya majiji mawili lina thamani kuliko jumba la Frisco. Lakini kabla ya kusaini, endesha njia hiyo siku ya kazi, saa ileile ya zamu yako.

Mpwa wangu alilipa faini ya kuvunja mkataba wa Plano, iliyokula akiba yake ya miezi miwili, akahamia Euless. Sasa anaamka saa kumi na moja na nusu.