Mfereji Uanze Bondeni

Mvua ya milimita 30 ikinyesha Butembo, kila paa la mita za mraba 100 humwaga lita 3,000. Hesabu ni rahisi: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mabati hayanywi kitu. Uwanja uliokanyagwa miaka mingi na barabara ya udongo ulioshindiliwa na magari hunywa kidogo sana. Kwa hiyo nyumba 1,000 za kilimani huteremsha mita za ujazo 3,000 kuelekea mto Kimemi, na kwa sababu miteremko ni mikali, maji hayo hufika bondeni karibu kwa wakati mmoja.

Wengi wakiona mafuriko hudai kanivo, yaani mifereji ya kando ya barabara: pana zaidi, za saruji, haraka. Madai ni ya haki, lakini kanivo hukusanya maji yaliyokuwa yametawanyika na kuyapa kasi. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu ya maji ya kung'oa udongo huzidi takriban mara nne. Mfereji mzuri wa saruji unaokomea katikati ya mteremko, pale pesa zilipokwisha, humwaga nguvu hiyo yote juu ya udongo mtupu. Mvua chache baadaye kuna korongo, na nyumba za chini zinaanza kuning'inia.

Hili si jambo la Butembo peke yake. Mwaka 2025, watafiti wa Kongo na Ubelgiji walichapisha katika jarida la Nature ramani ya makorongo ya mijini nchini mwetu: 2,922 katika miji 26. Walikadiria kuwa watu wapatao 118,600 walipoteza makazi kwa sababu yake kati ya 2004 na 2023. Barabara zisizo na njia nzuri ya maji ni miongoni mwa vyanzo vikubwa. Kinshasa iliona nguvu hiyo ya maji Desemba 2022, mvua ya usiku mmoja ilipoua watu zaidi ya 100 na kuikata barabara ya taifa namba 1.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba ujenzi uanzie chini. Kwanza mdomo wa mfereji, ukingoni mwa mto, uliotandikwa mawe makubwa ili maji yatue bila kuchimba. Kisha mafundi wapande, wakijenga ngazi za kuvunja kasi penye mwinamo mkali. Pesa zikiisha katikati, kilichojengwa kitakuwa salama.

Juu kabisa ni kazi ya kila mwenye nyumba: tangi au pipa chini ya mfereji wa bati. Mashimo ya kunywesha maji ardhini nayapendekeza sehemu tambarare tu. Kwenye mteremko mkali wa udongo wa mfinyanzi, maji yaliyofichwa ardhini yanaweza kuuteremsha mlima wote.

Mji wa Beni ni tambarare zaidi kuliko Butembo, na shida yake ni kinyume: maji huenda polepole, mchanga hutua, kanivo huziba. Huko usafi ndio roho ya mfumo. Siku ya salongo, yaani kazi ya pamoja ya usafi, tope linalotolewa lisirundikwe ukingoni, maana mvua inayofuata hulirudisha lote. Lipakiwe, liondolewe.

Na mabonde yenye mafunjo yaachwe. Hupokea maji ya ghafla na kuyaachilia taratibu. Kila bonde la namna hiyo linalofukiwa ili kupata kiwanja huhamishia maji yake kwa jirani wa chini. Katika vituo vinavyokua vya eneo la Mabalako, kama Mangina, bado inawezekana kutenga njia za maji kabla ya kupima viwanja. Kuacha ukanda leo ni rahisi kuliko kubomoa nyumba za watu kesho.

Wakazi na wakuu wa mitaa, kazi ya kanivo ikianza kwenu, waulizeni mafundi maji yataishia wapi, na mwende mkaone mahali hapo kwa macho yenu kabla saruji haijachanganywa.