Aya tatu ambazo leo hazisomwi



Leo, Jumapili ya tarehe 28 Desemba 2025, Kanisa linaadhimisha Sikukuu ya Familia Takatifu ya Yesu, Maria na Yosefu. Ukiisikiliza Injili kwa makini utagundua jambo. Tunasoma Mathayo sura ya 2 kuanzia aya ya 13: Yosefu anaonywa ndotoni, anamwamsha Maria usiku, wanamchukua mtoto na kukimbilia Misri. Tukifika aya ya 15 tunaruka hadi ya 19. Herode amekwisha kufa, familia inarudi nyumbani. Aya ya 16, 17 na 18 hazimo. Humo ndimo wanamouawa watoto wa Bethlehemu, na humo ndimo anamolia mama ambaye hataki kuambiwa pole na mtu yeyote.

Waliopanga masomo hawakuwa na nia ya kuficha kitu. Tarehe 28 Desemba ni Sikukuu ya Watoto Mashahidi, na aya hizo husomwa siku hiyo. Mwaka huu tarehe imeangukia Jumapili, hivyo Familia Takatifu imechukua nafasi yake. Ni utaratibu wa liturujia, wala sina ugomvi nao. Ila nilipokaa kuandaa mahubiri, hizo aya tatu zilinikatalia kuzipita.

Nilikuwa nimeahidi kuandika mambo mengine. Vijana wa VIWAWA walikwisha kuniomba niandike kuhusu teknolojia, hasa akili mnemba, maana mwaka huu imetajwa sana hata Vatikani. Tarehe 28 Januari ilitolewa hati ya Antiqua et Nova, inayotofautisha akili aliyoumbiwa mwanadamu na hii ya mashine. Tarehe 21 Aprili, Jumatatu ya Pasaka, tukampoteza Papa Fransisko. Tarehe 8 Mei akachaguliwa Papa Leo XIV, na siku mbili baadaye akawaeleza makardinali kwa nini amelichukua jina hilo: Leo XIII aliandika Rerum Novarum mwaka 1891, viwanda vilipokuwa vimegeuza maisha ya wafanyakazi, na sasa tumefikiwa na mapinduzi mengine, ya akili mnemba. (Watoto wa Utoto Mtakatifu hapa kwetu waliniuliza: kama huyu ni Papa Leo, Papa Kesho ni nani? Sikuwa na jibu.) Tarehe 7 Septemba akatangazwa mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, ambaye alitumia kompyuta kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi. Vijana wetu walifurahi kupata mtakatifu aliyevaa raba na suruali ya jinzi.

Ningeweza kuishia hapo, tukatakiana heri ya mwaka mpya. Lakini nani hapa Tunduma atakayeniambia kwamba habari kubwa ya teknolojia kwake mwaka huu ilitoka Roma? Habari yenyewe ilianza Jumatano ya tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi, pale simu zetu zilipobaki bila intaneti nchi nzima, hadi Jumatatu ya tarehe 3 Novemba ilipoanza kurejea kwa kusuasua.

Nikiri kwanza la kwangu. Siku ya kwanza niliwasha na kuzima simu mara nyingi kuliko nilivyoshika rozari. Siku ya pili nikagundua kwamba mahubiri yangu ya miaka hii yamekuwa yakitegemea bando kupita kiasi. Nikapanda juu ya kiti, nikashusha vitabu vyangu vya Seminari Kuu ya Peramiho, vumbi likanifanya nipige chafya mpaka mpishi akacheka. Huko Peramiho, miaka ya tisini, barua ya nyumbani ilichukua wiki tatu. Kifo cha baba mdogo wangu nilikisikia kwenye matangazo ya vifo ya Redio Tanzania, nikiwa nimesimama na wenzangu baada ya chakula cha jioni. Kwa hiyo si kwamba sijui kuishi bila mtandao. Nilikuwa nimesahau tu.

Mji wetu nao una kituko chake. Nyumba zilizo karibu na mstari wa mpaka hunasa minara ya Nakonde. Ukiwa umekaa sebuleni kwako Tanzania, simu inakukaribisha Zambia. Siku zile wenye laini za ng'ambo walitafutwa kama daktari. Mtu anasimama ukutani na simu juu, wenzake kumi wamemzunguka: kuna nini Dar es Salaam? Mwanza je? Arusha? Na hapa kwetu penyewe hali haikuwa shwari, kila aliyekuwepo anajua alichokisikia na alichokiona. Malori yalisimama, wabadilisha kwacha wakafunga mikoba yao, mawakala wa fedha wakashusha mapazia. Mji uliozoea honi usiku kucha ulinyamaza, na ukimya ule ulitisha kuliko honi.

Jumapili ya tarehe 2 Novemba ilikuwa siku ya Kuwaombea Marehemu Wote. Mnajua desturi yetu: waamini huandika majina ya marehemu wao kwenye karatasi, huyatia kwenye bahasha, na bahasha huwekwa mbele ya altare. Watu walikuja wachache, wamejifunga khanga mabegani kama wenye baridi. Nilizipokea bahasha zile nikijua kwamba huenda yapo majina ambayo yangepaswa kuwemo na hatukuwa na namna ya kuyajua.

Siku ile ndipo katekista wetu aliponipa daftari. Ni mtu wa makamo, mkulima wa kahawa na mahindi, elimu yake ya darasa la saba. Hakumwuliza mtu. Ijumaa na Jumamosi alizunguka jumuiya ndogondogo moja baada ya nyingine, kwingine kwa miguu, kwingine kwa bodaboda, akawaandika wote ambao hawajalala nyumbani. Kila jina alilipa mistari miwili: nani alimwona mara ya mwisho, na wapi. Kama hakuna aliyemwona, aliandika hivyo hivyo, “hakuna aliyemwona.” Wengi wao walirejea katika wiki iliyofuata: mmoja alikuwa amekwama Mbeya, wengine wawili walikuwa upande wa pili wa mpaka kwa jamaa zao. Tuliwafuta kwa furaha. Baadhi hatukuwafuta.

Mtandao uliporudi, picha zikamwagika. Wakati huohuo simu zikapokea ujumbe wa kuonya kuhusu kusambaza picha za taharuki, na watu wakawa wanatazama kwa kujificha. Ndipo mama mmoja akanijia ofisini, baada ya Misa ya asubuhi. Mwanawe ni utingo wa lori, miaka 22, na jina lake ni mojawapo ya yale ambayo katekista hakuyafuta. Mama akafunga mlango, akatoa simu kwenye pindo la khanga.

“Padre, wewe umesoma. Niangalizie. Hii ni ya kweli au imetengenezwa?”

Ilikuwa picha ya mjongeo, sekunde chache tu. Kijana amelala chini, uso umeelekea pembeni, shati la bluu. Jirani alimwambia mama ni mwanawe. Jirani mwingine akamwambia asilie, siku hizi hizo zinaundwa na akili mnemba, si mtu kabisa. Mama alikuwa ameitazama mpaka kioo cha simu kimejaa alama za vidole. Nikaitazama mara tatu. Nimesoma filosofia, nimesoma teolojia, nimesoma na hiyo Antiqua et Nova, na sikuweza kumwambia kama pale chini palikuwa na mtu au hapakuwa na mtu.

Nimezungumza na vijana wengi tangu hapo, na nataka wanielewe. Sina vita na mashine. Mashine inayomsaidia daktari kusoma picha ya eksirei, au mkulima wa Mbozi kujua ugonjwa wa mbuni wake, karibu sana. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba sasa mtu anaweza kuukana msiba wa jirani yake kwa maneno matatu tu: hiyo ni feki. Na upande wa pili yupo anayeweza kuutengeneza msiba ambao haukuwepo, akawasha moto kwa huo. Katikati yao amekaa mama mwenye simu mkononi, na wote wawili wamemnyang'anya machozi yake, maana hata kulia hajui kama ameruhusiwa.

Ndiyo maana namrudia katekista na daftari lake. Halikuwa na picha hata moja, na bado niliamini kila mstari, kwa kuwa kila mstari ulikuwa na mtu nyuma yake ambaye ningeweza kwenda kumgongea mlango. Akili mnemba inaandika haraka na kwa Kiswahili kizuri kuliko cha katekista wangu, lakini ukiiuliza “nani alimwona?” haina wa kukutumia. Hata Injili zetu zilianza hivyo: wanawake waliokwenda kaburini, ambao majina yao yaliandikwa.

Kwa habari ya nchi, mengi mnayafahamu. Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilitoa tamko mwezi Novemba likilaani mauaji. Rais alitoa pole bungeni tarehe 14 Novemba na kutangaza tume ya kuchunguza yaliyotokea, inayoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Idadi ya waliokufa bado inabishaniwa. Wapo wanaotuambia mapadre tuyaache hayo, tuhubiri amani. Nahubiri amani, tena kila siku. Ila Mathayo, ambaye alitaka kutusimulia habari njema, hakuona vibaya kusimama aya tatu kwa ajili ya mama waliobaki Bethlehemu baada ya Familia Takatifu kunusurika. Angeweza kutoka Misri hadi Nazareti bila kuwagusa, na hakuna ambaye angegundua.

Leo pia majimbo yote duniani yanafunga Mwaka wa Jubilei, uliotutaka tuwe mahujaji wa matumaini. Kule Roma, Mlango Mtakatifu wa Basilika la Mtakatifu Petro ulifunguliwa na Papa Fransisko tarehe 24 Desemba mwaka jana na utafungwa na Papa Leo tarehe 6 Januari. Matumaini ya mwaka huu, kwa wengi wetu, yalikuwa madogo mno: simu iite, geti lisikike likigongwa usiku.

Yule mama alirudi wiki iliyopita. Safari hii hakuja na simu. Alileta noti ya shilingi elfu tano, akaomba Misa kwa ajili ya mwanawe. Nikafungua daftari la nia za Misa. Lina safu mbili tangu enzi za paroko aliyenitangulia: wazima kushoto, marehemu kulia. Nikabaki na kalamu hewani. Mama aliuona mkono wangu.

“Andika jina, Baba,” akasema. “Usiandike kitu kingine.”

Nimeliandika katikati, juu ya mstari unaogawa safu. Litasomwa leo katika Misa ya kwanza, pamoja na zile aya tatu, ambazo nitazisoma katika mahubiri. Daftari linabaki mezani ofisini hadi tarehe 31 jioni, kwa wengine wenye jina la namna hiyo nyumbani kwao. Hakuna malipo.